Ngoma Yenu Iingie Kwenye Kasma

Usukumani mashindano ya ngoma hayahitaji refa. Vyama viwili vya ngoma hushindana: Bagika wanacheza upande huu wa uwanja, Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na watazamaji wana miguu yao: wakivutiwa huku wanakuja huku, wakichoshwa wanahama. Jua likizama, aliyezungukwa na umati ndiye mshindi, na rufaa hakuna.

Nimekulia katika mchezo huo. Kwa hiyo nilipochaguliwa kuwa katibu wa kikundi chetu cha ngoma ya bugobogobo nilidhani halmashauri nayo inakwenda hivyohivyo. Tulicheza Mwenge wa Uhuru ulipopita. Tulicheza Nane Nane. Tulicheza Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, watoto wakiwa wamesimama juani tangu saa mbili wakimngoja mgeni rasmi aliyefika saa sita. Kila mara umati ulikuwa wetu, tukapigiwa makofi, tukapewa soda na nauli ya kurudi. Miaka minne ilipita namna hiyo. Siku niliyokwenda ofisini kulalamika kwamba kiwanja chetu cha ngoma hakina hata choo, ofisa mmoja alifungua faili, akapekua, kisha akaniuliza kwa upole: "Katibu, mliomba lini?"

Hatukuwa tumeomba. Tulikuwa tumecheza tu.

Yanayofuata ni kwa ajili yako wewe wa Tanzania Bara mwenye kikundi cha ngoma, kwaya ya mtaa, timu ya netiboli, au umoja wa wazee wanaocheza bao chini ya mti fulani, unayetaka halmashauri iwatambue kwa kitu kinachoshikika. Zanzibar wana sheria zao za serikali za mitaa, sitazigusa.

Nani ana nini

Mtu wa kwanza kumfahamu ni Afisa Utamaduni. Usimtegemee kwa fedha, maana mara nyingi hana; anacho kalamu. Mahitaji ya utamaduni yanaandikwa na ofisi yake yanapokusanywa makadirio ya mwaka, na jambo lisilokuwa mezani kwake wakati huo halitazaliwa baadaye kwa huruma. Yeye pia ndiye wa kukuelekeza usajili wa sanaa kwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na ndiye wa kumwona kwanza kuhusu kibali cha tamasha. Kwa kibali sina la kuongeza ila hili: omba wiki kadhaa kabla, na polisi nao wapewe taarifa kwa maandishi.

Afisa Maendeleo ya Jamii anasajili vikundi vya kijamii na anasimamia mikopo. Afisa Ustawi wa Jamii anashughulika na wazee, watoto walio hatarini na nyumba zenye migogoro. Vikundi vya ngoma humsahau huyu, nami nitaeleza kwa nini ndiye aliyetufaa kuliko wote. Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo watoto hupimwa uzito na akina mama hufundishwa mapishi. Siku hiyo inahitaji kitu cha kuwatoa watu majumbani, na ngoma inajua kazi hiyo. Wa ardhi na mipangomiji ni wa kiwanja. Diwani ana kura kwenye baraza na kiti cha mwenyekiti kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Watu wengi humwendea diwani kumwomba jezi. Akiwa mkarimu atatoa mfukoni mwake, mtapiga picha, na shughuli itaishia kwenye picha hiyo. Mwombeni alichopewa na sheria, yaani sauti ndani ya vikao.

Ajenda yenu isilale kwenye "mengineyo"

Safari yote inaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, au mkutano wa mtaa kama mko mjini. Kijijini kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na mkutano unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Najua, kwenu labda huitishwa tu ukizuka ugomvi wa mipaka. Hata hivyo ndio mlango wenyewe. Utaratibu wa kupanga unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unataka vipaumbele vianzie kwa wananchi, tena uanze kwa kuuliza wananchi wenyewe wana nini kabla ya kuuliza wanataka nini.

Kwa hiyo mwandikie Mtendaji wa Kijiji barua mapema, ukimwomba aweke jambo lenu kwenye ajenda. Ukisubiri kunyoosha mkono kwenye "mengineyo", saa hiyo watu wameshasimama wanakung'uta vumbi, na atakayeandika muhtasari ameshafunga daftari. Mara ya kwanza sisi tulizungumzia kwenye mengineyo. Tulishangiliwa sana. Kwenye muhtasari hatukuwemo.

Ukipewa nafasi, usiombe "msaada wa kuendeleza utamaduni". Hakuna mhandisi anayeweza kuukadiria utamaduni. Omba kiwanja kipimwe, choo cha matundu mawili kijengwe, banda la kuhifadhia ngoma lipate mlango wa chuma kwa sababu panya wametafuna ngozi za ngoma tatu. Halafu taja mtakachotoa ninyi: mawe, mchanga, maji ya ujenzi, siku kadhaa za nguvu kazi. Kijiji kinapoona mmeshasomba mawe ni vigumu kuwaambia mwakani.

Mkutano ukipitisha, fuatilia muhtasari mpaka usainiwe na kugongwa mhuri, uchukue nakala. Mwishoni unahitaji mihtasari mitatu inayosema jambo lilelile kwa maneno yaleyale: wa kikundi, wa kijiji na wa kata. Wa kikundi ukisema choo, wa kijiji ukisema "huduma za jamii" na wa kata ukisema "ukarabati wa uwanja", huko wilayani yatasomeka kama maombi matatu madogo, na yote matatu yatakosa.

Daftari la wanaokuja

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipojifunza zaidi.

Vikundi vingi vikijieleza husema "tunadumisha mila". Ni kweli, lakini ofisi ina zahanati isiyo na paa na shule isiyo na madawati, na mila hazitashinda kwenye mizani hiyo. Ofisa mmoja kijana alinishauri nirudi nyumbani nikaandike ni nani hasa huja kiwanjani, kwa miezi mitatu, bila kupamba. Nilinunua daftari la kurasa 96. Sikuandika majina ya watu wenye shida zao, niliandika hali tu: mjane, kijana aliyerudi kutoka machimboni, mama anayelea wajukuu watano, mzee asiyetembelewa na mtu. Jumapili ya tatu nilishtuka mwenyewe. Zaidi ya nusu ya waliokuja hawakuwa wachezaji. Walikuja kukaa.

Alikuwepo mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, akawa haongei hata na wanawe. Alianza kwa kusimama mbali, mkono umeegemea mti. Baada ya wiki kadhaa akawa anatukosoa namna tunavyokaza ngozi. Leo yeye ndiye hukagua ngoma kabla hatujatoka, na akisema haijakaa sawa, haitoki.

Na bugobogobo yenyewe si ngoma ya jukwaani tangu asili. Ni ya jembe. Watu hulima shamba la mmoja wao kwa kufuata mdundo, majembe yanapanda na kushuka pamoja, mchezaji hodari anarusha lake hewani na kulidaka. Shamba la mgonjwa au la mjane linalimwa kwa asubuhi moja. Sisi tulikuwa bado tunafanya hivyo kila msimu wa mvua, bila kufikiria kwamba ni jambo la kuandika. Nilipomsimulia Afisa Ustawi wa Jamii, aliacha kuandika akaniangalia. "Mashamba mangapi mwaka jana?" Tukahesabu: 11. Kuanzia hapo ombi letu halikuwa tena la watu wanaotaka kucheza. Lilikuwa la kundi linalolima mashamba ya wasiojiweza, lenye kiwanja kisicho na choo.

Tafuteni "mashamba 11" yenu. Kwaya inayozika, inayokesha msibani na kupika, izihesabu kesi zake. Timu ya mpira iliyowatoa vijana fulani kwenye gongo iseme wangapi. Ila msitie chumvi. Ukisema ngoma inaponya shinikizo la damu, Mganga Mkuu atakuuliza vipimo, na kuanzia hapo hata la kweli halitaaminika.

Kalenda ni ndumakuwili

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Usukumani msimu wa ngoma ni baada ya mavuno, kuanzia Juni. Pale Bujora, karibu na Kisesa, sherehe ya Bulabo huja kwenye sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi huohuo. Basi fikiria: furaha yetu inafika kileleni wakati kasha la halmashauri limekauka. Ukienda Juni kuomba fedha za Juni, utaambiwa mwaka umefungwa. Ukienda Julai, utaambiwa mwaka ndio kwanza umefunguliwa, fedha hazijaingia.

Mipango ya vijiji na mitaa hukusanywa kati ya Oktoba na Novemba. Inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi huiita WDC. Wataalamu wa halmashauri huichambua na kuiunganisha, kisha kwenye Januari na Februari kamati za kudumu na Baraza la Madiwani hujadili na kupitisha. Baada ya hapo makadirio yanaelekea mkoani, TAMISEMI na Bunge la bajeti linaloanza Aprili. Kwa hesabu hiyo barua ya Mei imechelewa kwa zaidi ya nusu mwaka, na hakuna atakayekuambia. Wataipokea, wataigonga mhuri, wataiweka kwenye faili. Mimi humaliza barua zangu Septemba.

Kila barua ipeleke ikiwa na nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Maofisa huhamishwa. Katika muda wangu wa ukatibu nimewazoea Maafisa Utamaduni watatu, na kila mgeni aliyekuja alianza na neno "sina taarifa". Nakala yenye mhuri ndiyo iliyotuokoa tusianze upya.

Swali la kuuliza Machi, baada ya baraza kupitisha, ni fupi: "Jambo letu liko kwenye kasma ipi?", yaani kifungu kipi cha bajeti. Ofisa akikutajia namba, iandike. Akisema "lipo, msijali", jua halipo. Tena kuwemo kwenye kasma siyo kulipwa. Makadirio ni matumaini yaliyoandikwa kwa tarakimu, na mapato ya ndani hutegemea ushuru wa mazao, leseni, masoko. Mwaka pamba ikidorora, vitu vidogo ndivyo vinavyokatwa kwanza. Rudi kila robo mwaka. Nenda na heshima zako, msalimie mlinzi, mwulize mhudumu wa masjala habari za watoto. Huyo wa masjala anajua faili lilipo kuliko mkurugenzi.

Mkopo wa asilimia 10, na woga wangu

Lazima utaambiwa: "Si mkakope ile ya halmashauri?" Tangu marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 2018, kila halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kanuni zimebadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo idadi ya wanachama na umri unaokubalika viulizwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii leo, wala usitegemee hadithi ya kikundi kilichokopa miaka mitano iliyopita. Katiba ya kikundi, akaunti ya benki kwa jina la kikundi na barua ya utambulisho ya Mtendaji vitahitajika vyovyote vile.

Sasa maoni yangu. Mkopo usio na riba bado ni deni, na ngoma haizai kila mwezi. Msikope kununua mavazi. Msikope kulipia safari ya tamasha. Kama kikundi kinataka turubai na viti 100 vya kukodisha misibani na harusini, hilo ni duka, likopeeni, lakini daftari la duka likae mbali na daftari la ngoma. Nimeona kikundi kizuri kikivunjika kwa sababu kiliuza ngoma zake kulipa rejesho. Baada ya hapo walikutana ofisini tu, kulaumiana.

Kuna mlango mwingine ambao vikundi vingi havijauona: sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Chakula cha mikutano, usafi, mapambo, viti. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuuza hapo. Upo pia Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge na hupokea miradi iliyoibuliwa na wananchi. Ile mihtasari mitatu itatumika tena.

Malipo yoyote halali kwa serikali hulipwa kwa kontroo namba. Anayetaka "ya kuharakisha faili" mkononi, mwombe kontroo namba. Hutasikia tena habari hiyo.

Kiwanja, kabla ya vyote

Kama mna nguvu ya kupigania jambo moja tu mwaka huu, piganieni kiwanja. Mavazi yatachakaa na mengine yatashonwa. Kiwanja kikijengwa fremu za maduka hakirudi.

Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu una kauli. Ombeni kiwanja kiandikwe kuwa ardhi ya matumizi ya pamoja, kionekane kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kisha kijiji kitunge sheria ndogo ya kukilinda na kuipeleka halmashauri ya wilaya iidhinishwe. Mjini, nenda kwa mtu wa mipangomiji umwombe akuoneshe mchoro wa eneo lenu. Usikubali kuambiwa tu, uone kwa macho. Mara nyingi utakuta sehemu mnayochezea imechorwa kuwa eneo la wazi na nusu yake ina nyumba. Nusu iliyobaki iwekewe mipaka mwezi huohuo. Sisi tulipanda minyaa kuzunguka kote. Haina gharama, mbuzi hawaili, na anayetaka kusogeza mpaka usiku itambidi apambane na utomvu wake.

Kitu kingine kinachokula viwanja na vikundi pia ni siasa. Msimu wa kampeni mtaalikwa na kila mtu. Chezeni mkialikwa, kwa malipo yaliyoandikwa, ila msivae rangi ya chama chochote mkiwa mnaitwa kwa jina la kikundi. Siku baraza likibadilika mtabaki mmevaa fulana ya mtu aliyeshindwa.

Na ninyi jifunzeni kutoa ankara. Ofisi ikiwaita kutumbuiza, iandikieni: idadi ya wachezaji, usafiri, chakula, posho. Wakisema safari hii hakuna fungu, mnaweza kukubali kwa hiari, lakini ombeni barua ya shukrani yenye mhuri. Barua hizo tunazo tisa sasa, nazo tunaziambatisha kwenye kila ombi.

Siku ya baraza

Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Nenda. Vaa vizuri, zima simu, kaa kwenye viti vya wageni nyuma, na usiseme neno, maana hutaruhusiwa. Mwende watatu, ikiwezekana mmoja awe mzee mwenye heshima zake, diwani wenu awaone akigeuka. Mwenyekiti atapitisha kitabu ukurasa kwa ukurasa, haraka haraka, na kwa saa nzima utasikia matengenezo ya magari na posho za vikao. Yule mzee wetu mkagua ngoma alisinzia. Nilimgusa tulipofika ukurasa wetu. Mstari mmoja, sekunde chache, wakasema ndiyo, wakaendelea na machinjio.

Fedha zenyewe ziliingia Aprili ya mwaka uliofuata, pungufu ya zilizopitishwa, tukaongezea kwa mawe na mchanga wetu. Choo kilikamilika wiki mbili kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Kina matundu mawili kama tulivyoandika. Komeo la upande wa wanawake halikuwemo kwenye makadirio, tukalinunua wenyewe.